Usimfanye Mumeo Mwanafunzi: Kuanza Kutazama Ndege Mkiwa Wawili

Ndege wa kwanza niliyemtazama kwa makusudi alikuwa akinilia papai. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2019, papai limeiva, nimeshalipangia futari, natoka uani nakuta kuzumburu watatu wamelitoboa. Nikaokota jiwe. Kabla sijarusha nikamwona mmoja amening'inia miguu juu kichwa chini, mkia mrefu kama ufito, kishungi kimesimama, anakula huku mwenzake akimsukuma ubavuni. Nimeishi Tanga miaka hamsini na kitu. Kuzumburu nawajua kwa jina na kwa hasara zao, lakini sikuwahi kumtazama hata mmoja dakika nzima. Jiwe nikaliweka chini. Papai wakalimaliza.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mume wangu, Baba Zuhura, ameendesha lori miaka thelathini na moja, Tanga kwenda Tunduma na kurudi. Alipostaafu tukagundua kwamba katika ndoa yetu yote hatukuwahi kukaa nyumba moja majuma matatu mfululizo. Watoto wameshaondoka, yeye yuko barazani na redio, mimi nina madaftari ya kusahihisha. Ndege ndio waliotutoa nje pamoja, ila si kwa urahisi, na makosa niliyoyafanya nitayasema ili wewe usiyarudie.

Anzieni uani

Usikimbilie mbuga. Kaa na ndege wa nyumbani kwako mwezi mmoja mzima, wajue mpaka wakuchoshe. Hapa kwetu ni shomoro, tetere, shore anayepiga kelele mwembeni tangu alfajiri, chozi kwenye maua ya mgomba, yangeyange wanaofuata ng'ombe wa jirani, na kunguru. Kunguru ndio wengi kuliko wote. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, asili yao ni India, waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, na mpaka leo wanakula taka, mayai, na makinda ya ndege wengine. Ukiona uani kwako pamekosa ndege wadogo, mtazame kwanza kunguru.

Faida ya kuwajua hawa ni kwamba wanakuwa vipimo vyako. Ndege mgeni akitokea, swali la kwanza ni: ni mkubwa kuliko shomoro? Analingana na tetere? Amemzidi kunguru? Baada ya hapo mtazame mdomo. Mdomo mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba uliopinda ni wa kunyonya maua, mrefu ulionyooka kama mkuki ni wa samaki. Kisha anafanya nini: anaruka-ruka chini au anatembea hatua kwa hatua? Anatikisa mkia? Anarudi kwenye tawi lile lile kila akidaka mdudu? Rangi iache mwisho. Rangi inadanganya, hasa jua likiwa nyuma yake, ndege yeyote huwa mweusi.

Uwe na daftari. Mimi natumia la mistari la kurasa 96, lile lile la wanafunzi. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na alichokuwa akifanya, na uandike pale pale, kwa sababu ukifika nyumbani utakuwa umeshamwongezea kishungi ambacho hakuwa nacho.

Majina yatakusumbua. Kiswahili kinasema chozi, basi. Kitabu cha mwongozo kina chozi zaidi ya ishirini, kila mmoja na jina lake la Kiingereza na la Kilatini. Sisi tumeamua kujiongezea. Yule wa koo jekundu ni Chozi Damu. Na ndege mwingine, si chozi, mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu unaomfuata kama shela nikamwita Bi Harusi, mpaka tukasoma kwamba mwenye mkia huo ni dume. Baba Zuhura akataka tumbadilishie jina awe Bwana Harusi. Nikakataa, na mpaka leo ni Bi Harusi. Jina la kitabu tunaliandika pembeni kwa ajili ya watu wengine.

Darubini

Yangu ya kwanza niliinunua mnadani, imeandikwa 30x60 kwa herufi za dhahabu, na muuzaji akaniapia kwamba naweza kuona Pemba. Pemba sikuiona, na hata shore wa mwembeni nilimwona wawili. Baada ya dakika kumi kichwa kinauma. Iko kabatini, wajukuu wanaichezea.

Namba zile mbili maana yake ni hii: ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana huingiza mwanga mwingi, na ndege wengi utawatazama alfajiri au chini ya miti, ambako mwanga ni haba. Tafuta 8x42. Anayekuambia kubwa zaidi ndiyo bora anakuuzia mtetemeko, maana darubini inavyokuza ndege ndivyo inavyokuza na mkono wako unaotikisika. Kama vya dukani ni ghali, nzuri ya mtumba inashinda mpya ya bei rahisi. Ijaribu kwa kusoma kibao cha duka lililo ng'ambo ya barabara: herufi zikiwa na kivuli cha rangi au zikiwa mbilimbili, irudishe.

Kuitumia kuna kazi yake, na hakuna aliyenifundisha. Kwanza ipinde katikati mpaka vioo viwili vilingane na macho yako na uone duara moja. Funga jicho la kulia, tazama kitu kilichotulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Halafu funga la kushoto, na sasa usiguse gurudumu. Zungusha ile pete iliyo kwenye jicho la kulia. Umemaliza, pete usiiguse tena, kuanzia hapo ni gurudumu peke yake. Ukivaa miwani, zile mpira za machoni zizungushe ziingie ndani, la sivyo utaona katundu kadogo katikati ya giza.

Na kumpata ndege ndani ya darubini: macho yasimwache ndege. Mtazame yeye, kisha inua darubini ije machoni bila kushusha uso. Wengi wanamwona ndege, wanainamia darubini, wanainuka, ndege wameshampoteza. Fanya zoezi hilo na nazi mnazini. Nazi haziruki.

Zinunueni mbili. Tuliwahi kutumia moja kwa zamu kwa miezi minne, na ugomvi wote wa miezi hiyo ulihusu kamba ya shingoni.

Kumleta mwenzako

Hapa ndipo nilipokosea. Mimi darasani miaka thelathini, kwa hiyo nilimchukua Baba Zuhura nikamfanya Kidato cha Pili. Tunatembea, namwonyesha ndege, namuuliza: "Huyu ni nani? Tulimwona Jumapili." Akikosea namsahihisha. Siku ya tatu akaniambia kwa upole, "Mwalimu, leo nina kikao msikitini." Msikitini hakukuwa na kikao.

Kilichomrudisha ni sauti. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba jioni, kukatoka mlio chini chini kichakani, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, buu-buu-buu-buu, yakishuka. Nikasema ni njiwa. Akasema, bila kuinua kichwa, "Dudumizi huyo. Mvua." Halafu akaanza kueleza. Kumbe kabla ya lori alikuwa mtoto wa Muheza, na watoto wa Muheza wa enzi zile walikuwa na manati, tanzi na ulimbo wa utomvu wa mfenesi. Anajua kwale anapita njia gani kwenda majini. Anajua kwera akianza kusuka kiota anachana jani la mnazi kwa namna gani. Anajua ndege gani hulia akimwona nyoka. Miaka arobaini elimu hiyo ilikuwa imekaa ndani yake, na hata mimi mkewe sikuijua.

Na masikio anayo. Huyu ni mtu aliyekuwa akisikia beringi inaanza kufa kabla utingo hajaamka. Macho yake si mazuri, ana mtoto wa jicho upande mmoja, lakini atakuambia kuna ndege wawili kwenye ule mkuyu, mmoja juu, mmoja amejificha kulia. Basi tukagawana: yeye anasikia, mimi natafuta. Bila yeye sijui pa kutazama, bila mimi hajui amesikia nini. Tangu siku hiyo sijamuuliza tena "huyu ni nani". Nikitaka kujua namuuliza, "Unamsikiaje?"

Kwa hiyo kabla hujamnunulia mwenzako kitabu, chunguza yeye tayari anajua nini. Mvuvi anajua ndege wa baharini kuliko mwongozo wowote. Mkulima wa mpunga anawajua ndege waharibifu kwa majina na kwa saa zao. Fundi wa kuchora atapenda kuwachora. Na kama hana hamu kabisa, msilazimishane. Aje na redio yake na chupa ya chai, akae kivulini. Siku moja atainua kichwa.

Ugomvi mmoja nitausimulia kwa sababu utawapata na nyinyi. Nilisoma kwamba watazamaji huelekezana kwa uso wa saa. Nikaona ni jambo la akili. Tuko chini ya mbuyu, namwona mdiria, nanong'ona: "Saa tatu! Saa tatu!" Mume wangu anatazama kushoto. Nasema tena saa tatu. Anazidi kushoto. Mdiria akaruka. Kumbe mimi nilimaanisha tarakimu ya 3, yaani kulia. Yeye alisikia saa tatu ya Kiswahili, na saa tatu yetu mshale uko kwenye 9. Tulinuniana mpaka stendi ya daladala. Sasa tunatumia mti wenyewe: anzia shinani, panda, tawi la pili la mkono wa kulia, kwenye jani bovu. Ni maneno mengi, lakini hayana saa.

Saa na maji

Nchi kavu, wakati wenyewe ni kuanzia mwanga wa kwanza mpaka saa tatu. Ukishaswali Alfajiri usirudi kitandani. Tatizo letu lilikuwa Baba Zuhura kutoka msikitini moja kwa moja na kanzu nyeupe inayong'aa, ndege wanamwona tangu Makorora. Siku hizi ana shati la zamani la kazi, rangi yake haijulikani tena, na mimi nimeacha kanga za rangi kali kwa siku hizo. Saa nne ndege wanatulia. Nanyi nendeni mkanywe supu.

Pwani ni maji yanayoamua. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hukauka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na ndege wanakuwa mbali mno, vidoadoa juu ya tope. Usiende asubuhi. Nenda kuanzia saa nane mchana, maji yakiwa yanarudi. Tope linapungua, ndege wanasogezwa hatua kwa hatua kuja kwako, wewe umekaa tu chini ya mkoko. Kama hujui maji yakoje leo, muulize mvuvi, atakujibu bila kutazama kalenda.

Msimu wake ni tangu Septemba mpaka Aprili hivi, kaskazi ikiwa katikati. Hapo ndipo wageni wanapokuwepo: sululu mwenye mdomo uliopinda chini, na vitwitwi wa kila ukubwa ambao mwaka wa kwanza hutawatofautisha, wala usijilaumu. Hawa wamezaliwa kaskazini kabisa, Siberia na Ulaya ya juu. Ninayempenda mimi ni mweusi na mweupe, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene kama koleo, chakula chake kaa. Tunamwita Mlakaa. Yeye hatoki Ulaya, huzalia pwani za Uarabuni na jirani zake, anachimba shimo mchangani na kutaga ndani, kisha anashuka kwetu kama majahazi yalivyokuwa yakishuka.

Neno la tahadhari: darubini na bandari haviendi pamoja. Tulisimamishwa na mlinzi mmoja aliyetaka kujua tunapeleleza nini, na daftari langu lenye saa na idadi halikutusaidia hata kidogo. Geuzeni mgongo kwenye meli, ofisi za serikali na kambi. Vijijini mpitieni kwanza mwenyekiti wa kitongoji, mseme mmekuja kufanya nini. Na kama mtatafuta bundi usiku, semeni mapema kwa wenyeji. Watu wawili wazima wanaozunguka gizani wakimwita bundi, kwa kijiji chochote ninachokijua, si watu wa ndege.

Programu za simu zipo. Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ni ya bure; ipakue nyumbani pamoja na ndege wa eneo lako maana porini mtandao haupo. Inasaidia, na inakosea. Usipige sauti ya ndege kwenye simu ili aje, hasa msimu wa viota. Anadhani ameingiliwa nyumbani, anaacha mayai anakuja kupigana na simu yako.

Amani

Mkishazoea, pandeni Amani. Ni Usambara Mashariki, mnapitia Muheza, kisha barabara ya vumbi inayopanda na kupinda, na mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Dereva wetu alikuwa na maoni juu ya kila kona. Hifadhi hii ya asili ilitangazwa mwaka 1997, lakini kituo cha utafiti na bustani ya miti vilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kwa hiyo utakuta miti ya dunia nzima imechanganyika na msitu wa kwetu. Bebeni kitambulisho cha taifa, kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Chukueni mwongozaji wa pale pale kijijini. Bebeni sweta. Na kabla ya kusimama kutazama juu, tazameni chini: Baba Zuhura alisimama dakika mbili juu ya njia ya siafu, akavua suruali mbele ya mwongozaji na wanawake watatu waliokuwa wakitoka kuchuma majani ya chai.

Wenye kusafiri kutoka mbali hufuata ndege mmoja mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, anayejificha kwenye michanganyiko ya mitambaazi pembezoni mwa msitu, na duniani kote yuko hapa na kaskazini mwa Msumbiji tu. Jina lake la kisayansi ni Artisornis moreaui. Tumekwenda mara nne. Mume wangu amemsikia mara mbili, mimi nimeona majani yakitikisika.

Moreau wa jina hilo alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi za ofisini katika kituo cha Amani kuanzia mwaka 1928 mpaka 1946. Hakuajiriwa kwa ajili ya ndege. Alikuwa akiwatazama pamoja na mkewe, Winifred, na kuna ndege wa milima ya Uluguru aliyempa jina la mkewe, winifredae. Mwaka 1941 wawili hao walichapisha taarifa ndefu juu ya viota vya hondohondo wa Amani. Niliposoma hilo nikampelekea Baba Zuhura barazani. Akauliza nani alikuwa anabeba darubini.

Hondohondo hao bado wapo, hutahitaji kuwatafuta, utawasikia wakilia kama punda na mabawa yao yakivuma. Novemba moja mwongozaji alituonyesha kiota, tundu kwenye shina juu sana. Jike huingia ndani, mlango unazibwa kwa udongo anaouleta dume, unabaki ufa mwembamba. Humo ataatamia na kulea miezi mitatu na zaidi, na chakula chote ni cha kuletewa. Tulikaa juu ya magogo saa mbili na nusu. Dume alikuja mara nne. Anatua, anashika gome, anatikisa shingo, tunda moja la mkuyu linapanda kutoka kooni, linatokea ncha ya mdomo, anainama analipitisha ufani. Ncha ya mdomo mwingine inalipokea. Anatikisa tena, tunda la pili. Nilihesabu, maana ndiyo kazi yangu: kumi na nne, kumi na moja, kumi na saba. Mara ya nne sikuhesabu kwa sababu Baba Zuhura alikuwa amenishika mkono wenye kalamu.

"Mama Zuhura," akaninong'oneza, "huyu naye ni dereva wa masafa."

Vitumbua vilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikampa kimoja, macho yangu yakiwa bado juu.